Majina ya Waskoti yanasomwaje? Nimemwita mzee wa watu mara tatu hakuitika

Dada wa Mapokezi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Huu ni mwezi wa tatu tangu nianze kazi ya mapokezi kwenye kliniki moja ya meno huku Perthshire, Uskoti. Kazi naipenda. Napokea simu, napanga miadi, na daktari akiwa tayari natoka kaunta naenda hadi mlango wa chumba cha kusubiria, naita jina la anayefuata. Hapo kwenye kuita ndipo panaponishinda.

Jumanne iliyopita karatasi yangu iliandikwa Menzies. Jina la kwanza nalihifadhi, ni siri ya mgonjwa. Nikasimama mlangoni nikaita, "Bwana Men-zi-es." Kimya. Mle ndani walikuwa watu watano. Nikaita tena, safari hii kwa sauti ya juu. Mama mmoja aliyekuwa anafuma soksi akainua macho, akaona si yeye, akarudi kwenye sindano zake. Nikaita mara ya tatu, nikaamini hayupo, nikaweka alama kwamba hakufika, nikamwita mwingine.

Zilipita kama dakika ishirini na tano. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa dirishani muda wote ule akainuka polepole, kofia mkononi na shavu limevimba, akaja kuuliza kwa upole kama daktari amemsahau. Nikamuuliza jina. Akalitaja, na mimi nikasikia Ming'is. Nikatafuta kwenye kompyuta, hakuna. Akaomba kalamu, akaniandikia nyuma ya kadi yake ya miadi herufi moja moja: M, e, n, z, i, e, s. Hakukasirika hata kidogo. Ila alikuwa amekaa na jino linamuuma, akisikiliza jina ambalo kwake si jina la mtu yeyote, na mimi nimeshamwandika kuwa hakuja.

Limenikaa rohoni kwa sababu mimi mwenyewe jina langu lina ng' katikati, ile ya ng'ombe, na tangu nitue nchi hii sijapata wa kulitamka. Wengine wanaipigilia g, wengine wanairuka yote. Mahali nilipofanya kazi kabla ya hapa msimamizi aliniomba nichague jina fupi ili iwe rahisi. Sikuchagua. Najua jina lako likipita masikioni bila wewe kulitambua linaacha nini, na sasa naona nawafanyia watu wengine jambo lile lile.

Tangu siku hiyo nina daftari. Nimeandika Dalziel, Colquhoun, Marjoribanks, Ruthven, Mhairi, Eilidh, Ruaridh. Kila moja nililisoma kwa Kiswahili changu, herufi kwa herufi, na kila moja nikasahihishwa. Naomba mlioishi huku muda mrefu mnisaidie. Kuna kanuni yoyote, au ni kukariri jina moja baada ya jingine?

Mzee wa Matbaa

Marahaba, mwanangu. Nilifanya kazi ya kupiga chapa Edinburgh miaka ishirini na sita kabla sijastaafu, kwa hiyo Menzies wako umeniletea mlangoni kwangu.

Hiyo z unayoiona hapo haikuwa z. Ni kaburi la herufi nyingine iliyoitwa yogh. Umbo lake lilikuwa kama tarakimu 3 iliyoshuka chini ya mstari, hivi: ȝ. Waandishi wa zamani wa Kiskoti (nasema Kiskoti, lugha ndugu na Kiingereza, Kigaeli ni kingine kabisa na nitawaachia wanaokijua) waliitumia kwa sauti ya y, ile ya "yai". Ikitanguliwa na n, ziliungana zikatoa sauti iliyo jirani na ny yetu, na katika baadhi ya majina ikaishia kuwa ng'. Kwa mwandiko wa haraka, yogh na z yenye mkia zilifanana kama shilingi kwa ya pili.

Kisha ukaja mtambo. Mwaka 1507 Mfalme James wa Nne aliwapa kibali Walter Chepman na Androw Myllar, na 1508 vitabu vya kwanza kuchapwa Uskoti vikatoka kwao, hapa hapa Edinburgh. Sasa fikiria mpanga herufi alivyofanya kazi. Mbele yake kuna kasha la mbao lenye vijumba, kila kijumba kimejaa vipande vya risasi vya herufi moja. Mkono wa kushoto umeshika kibao cha kupangia, wa kulia unachota bila hata kuangalia, a, e, n, s, na herufi zinasimama kichwa chini mpaka mstari ujae. Kiwandani kwetu tulikuwa na kasha moja la kale la namna hiyo na nimelichezea sana mikononi. Kijumba kikiwa hakipo, vidole havina pa kwenda. Na makasha yaliyotoka bara Ulaya hayakuwa na kijumba cha yogh. Mpanga herufi amefika kwenye Menȝies, amepapasa, amekosa, akachukua kipande kilichofanana zaidi. Z.

Watu wa Perthshire huko mashambani wakaendelea kusema Ming'is kama babu zao. Wewe uko kwenye ardhi yao, mwanangu. Ngome yao, Castle Menzies, iko Weem, karibu na Aberfeldy. Na kama uliwahi kumsikia Menzies Campbell, yule mwanasiasa aliyeongoza chama cha Liberal Democrats mwaka 2006 na 2007, na ambaye ujanani alikuwa mkimbiaji wa mbio fupi katika Olimpiki ya Tokyo 1964, nchi nzima ilimwita Ming. Wageni walidhani ni utani. Ni mwanzo tu wa jina lake likitamkwa sawasawa.

Ukishaijua yogh, milango mingi inafunguka. Dalziel: toa z, weka y, upate Dalyel, kisha ulimi umelainisha katikati mpaka limebaki Di-EL, mkazo mwishoni. Ushahidi unao kwa Tam Dalyell, aliyekuwa mbunge tangu 1962 hadi 2005 na ndiye aliyeuliza mwaka 1977 lile swali maarufu la West Lothian, kama ni haki wabunge wa Uskoti wapigie kura mambo ya England peke yake. Kwao waliandika kwa y, kwingine kwa z, na jina ni lile lile, Di-EL. Culzean, ile ngome ya pwani ya Ayrshire ambayo ghorofa yake ya juu Jenerali Eisenhower alipewa aitumie mwaka 1945, inaitwa Ka-LEIN. Visiwa vya Shetland viliandikwa Zetland kwenye shughuli za serikali hadi 1975, na mpaka leo ukituma barua Lerwick msimbo wa posta unaanza na ZE. Hata yule ndege mkubwa wa misitu ya misonobari, capercaillie, vitabu vya zamani vilimwandika capercailzie.

Lakini usiitoe kila z unayokutana nayo. Mackenzie nayo ilikuwa na yogh, na wazee wa kale hawakuisema kwa z. Leo ukimwita mtu MacKing'i hageuki. Lenzie, mji ulio karibu na Glasgow, nao wakazi wake wanasema Lenzi. Huko macho yaliushinda ulimi: watu walisoma kilichoandikwa kwa vizazi vingi hadi wakakiamini.

Tusiwashangae sana. Wazee wetu walipoandika tenzi kwa herufi za Kiarabu hawakuwa na p wala ng'. Herufi ba ikabeba b, p na mb. Ghaini ikabeba g na ng na ng'. Msomaji hakupotea kwa sababu neno alikuwa nalo kinywani kabla ya kuliona kwenye karatasi. Menzies ni hivyo hivyo.

Hayo mengine ya kwenye daftari lako ni ya kumeza tu. Colquhoun ni Ka-HUN, ukoo wa Luss kando ya Loch Lomond. Marjoribanks ni Machbanks. Ruthven ni Rivn. Cockburn ni Koben. Ipo barabara ya jina hilo inayopinda kushuka kuelekea stesheni ya Waverley, na nimewaelekeza wageni wengi. Buccleuch ni Ba-KLU. Wemyss ni Wimz, na asili yake ni neno la Kigaeli la mapango, ambayo ukienda East Wemyss kule Fife utayaona kwa macho.

Dada wa Mapokezi

Mzee, Mungu akuzidishie. Nimekaa na simu jikoni nasoma kwa sauti. Kumbe ng' iliyomo kwenye jina la yule mzee ni hii hii yangu! Sikuwa nimeliona hilo. Je, na hawa wa h, Mhairi na Eilidh? Mhairi tunaye, anakuja kusafishwa meno, nilimwita Mha-i-ri, akaniambia Vari. Nikadhani nimekosea faili.

Mama Màiri wa Lewis

Dada, Mzee amekupa z, mimi nakupa h. Nimeolewa kisiwani Lewis, mume wangu na wakwe zangu wanazungumza Kigaeli nyumbani, na mtoto wetu anasoma kwa Kigaeli.

Alfabeti yao ina herufi kumi na nane tu. Badala ya kutafuta herufi za ziada wanaitumia h kama alama: ikikaa nyuma ya konsonanti inaambia ulimi ulegee. Sisi tusilalamike, maana tunafanya kazi ile ile. S ukiitia h inakuwa sh, t inakuwa th, k inakuwa kh, na hakuna mtoto wa darasa la kwanza anayeuliza kwa nini. Kwao mh na bh ni v, ingawa zikiwa katikati au mwishoni mwa neno mara nyingine hufifia. Th na sh ni h tupu. Fh haisikiki karibu kabisa. Ch ni kh yetu ya sheikh. Na sasa sikiliza: dh na gh, zikikaa mbele ya a, o au u, ni ile gh ya "ghali" na "ghafla". Wanafunzi waliotoka London wanaikohoa wiki nzima. Mimi mwalimu alinipitisha siku ya kwanza.

Lakini dh ya Eilidh iko mwishoni, imezimika. Ni Eili. Ruaridh ni Ruari, wengine husema Rori. Usiilete dhahabu hapo.

Mhairi ana kisa chake, na nilikijua kwa njia ngumu kidogo. Wiki ya kwanza ya shule nilimpeleka mwanangu. Juu ya ndoano ya koti lake waliandika Màiri, kwa herufi kubwa za rangi ya kijani, na kila mtu alimtaja hivyo, Maari. Mchana nimekuja kumchukua, mwalimu akafungua mlango akaita, "A Vaari!" Nikabaki nimesimama namsubiri huyo Vaari atoke. Akatoka wangu, mkoba mgongoni. Nikamuuliza mwalimu kama wana watoto wawili, akacheka, akanieleza.

Kwa Kigaeli, ukimzungumzia mtu jina lake linakaa lilivyo. Ukimwita, mwanzo wa jina unalegea. Màiri ukimwita ni "a Mhàiri", basi m imekuwa v. Calum ukimwita ni "a Chaluim", unasikia a Khalum. Domhnall, ambaye kwa Kiingereza ni Donald, ukimwita ni "a Dhomhnaill", na hiyo gh ya ghali inaanza. Kwetu konsonanti ya mwanzo nayo inahama, hatuisikii tu kwa mazoea. Ulimi mmoja, ndimi mbili. Mti mrefu, nyumba ndefu. R imekwenda wapi? Hakuna anayeitafuta.

Wasiojua Kigaeli walisikia akina mama wanaita watoto mlangoni, wakachukua walichosikia wakadhani ndilo jina lenyewe. Ndivyo Mhairi alivyopatikana. Na ndivyo alivyopatikana Hamish: jina ni Seumas, ambaye kwenye Biblia yetu ni Yakobo, unalitamka Sheimas; ukimwita ni "a Sheumais", a Heimish. Kila Hamish unayempigia simu kumkumbusha miadi anabeba sauti ya mtu aliyekuwa anaitwa ndani akale. Mimi hilo lilinigusa sana nilipolielewa.

Jambo la pili ni irabu. Sisi tumezoea kila irabu ina haki ya kusomwa. Kwao nyingine zipo kazini tu. E na i zikikaribiana na s zinaifanya sh, kwa hiyo Seòras, huyo ni George, ni Shoras. Ile e haitamkwi, imewekwa ili uijue s. Sìne ni Shina. Catriona tunaisoma Ka-tri-o-na lakini huku ni Ka-TRI-na. Coinneach, yaani Kenneth, ni Konyakh: nn ikikaa karibu na i au e ni ny yetu kabisa. MacCoinnich ndiye huyo huyo Mackenzie aliyemtaja Mzee hapo juu. Sasa unaona ny ilikotoka.

Na ukikutana na mwanamke anayejiandika Nic badala ya Mac, usimsahihishe. Mac ni bin, Nic ni binti. Kaka yake MacDhòmhnaill, yeye NicDhòmhnaill.

Huko Perthshire hutakutana na wazungumzaji wengi kama mimi huku. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 130,161 katika Uskoti nzima wenye ujuzi wowote wa Kigaeli, hata kama ni kuelewa tu. Ila majina yamesambaa kila mahali, hata kwa watu ambao bibi zao ndio walikuwa wa mwisho kukisema.

Dereva Glasgow

Dada pole na kazi. Mimi naongezea majina ya mahali maana wagonjwa wako wataandika anwani, na hapo pia pana mitego.

Milngavie ni Mal-GAI. Nimeendesha basi njia hiyo miaka minne, na kila kiangazi napakia vijana wenye mabegi makubwa wanaouliza "Miln-ga-vi". Wanakwenda kuanza West Highland Way, njia ya miguu ya kilomita 154 hadi Fort William, iliyofunguliwa 1980, na inaanzia pale mjini. Kuna siku kijana wa Kijerumani alishuka mapema kabisa kwa sababu nilitangaza Malgai na yeye alikuwa anasubiri jina lingine, akaogopa amepanda basi silo. Nilimwona kwenye kioo anahangaika na ramani, nikasimamisha basi nikamrudisha. Toka siku hiyo mtu akiniuliza, namtajia jina kisha namwonyesha maandishi kwenye ubao wa mbele ya basi.

Strathaven ni STREI-vn. Kirkcudbright ni Ker-KU-bri, maana yake kanisa la Cuthbert, yule mtakatifu. Glamis ni Glaamz. Edinburgh wenyewe wanasema Edinbra, ukisema "bag" mwishoni wanakutazama. Na loch, tafadhali, ni lokh. Waingereza wengi wanasema "lok". Sisi kh tunayo tangu utotoni, tusiitupe.

Mdadisi

Nimesoma yote na nimejifunza. Lakini nauliza kwa nia njema: kwa nini wasibadilishe tu maandishi yafuate matamshi? Mtu anaitwa Ming'is aandike Mingis, tumalize.

Mzee wa Matbaa

Ndugu Mdadisi, wapo waliofanya hivyo. Mwanafalsafa David Hume alizaliwa Edinburgh mwaka 1711 akiwa David Home, na ukoo wa Home hutamkwa Hyum. Mwaka 1734 akaibadili o kuwa u kwa sababu Waingereza hawakuweza kulisema jina lake. Alipata alichotaka. Wengine wa jina hilo walibaki na o yao, na zaidi ya miaka mia mbili baadaye Uingereza ikawa na waziri mkuu Sir Alec Douglas-Home, 1963 hadi 1964, naye vilevile Hyum.

Kwa nini wengi wanakataa, nitakueleza nilichokiona kazini. Tulikuwa tunachapa kadi za mazishi. Alikuja kijana mmoja kukagua kadi ya mama yake kabla hatujaichapa, jina la ukoo Dalziel. Nilikuwa mgeni, nikamwambia nimeona hiyo z haisomwi, je ni kosa la chapa? Hakunijibu upesi. Aliweka kidole juu ya z, akakiacha pale. Akasema kwenye kaburi la babu yake ipo, kwenye cheti cha ndoa cha mama ipo, na kwenye Biblia ya nyumbani, ukurasa wa mbele wanapoandika waliozaliwa, ipo mistari mitano. Akaniomba niiache. Tukachapa kadi mia moja na ishirini, kila moja na z yake, na kanisani kasisi akasoma Di-EL. Nilikwenda, nilikaa kiti cha nyuma.

Mwanangu wa mapokezi, kuna neno moja sikulisema mwanzo. Wapo akina Menzies wanaolisema kwa z, hasa waliokulia nje ya Uskoti. Robert Menzies, waziri mkuu wa Australia, kwao walilisema kama lilivyoandikwa, ijapokuwa hata yeye walimpachika lakabu ya Ming. Kwa hiyo ukisharekebisha ulimi wako, bado muulize mwenyewe.

Dada wa Mapokezi

Wapendwa, narudi na habari.

Kwanza, nilizungumza na daktari, tukakubaliana kwamba mgonjwa mpya akijaza fomu tunamuuliza anavyoitwa, na mimi naandika kwenye faili kwa tahajia ya Kiswahili. Kiingereza hakinipi namna ya kuitofautisha ng' na ng, wala sina herufi ya kh. Kwa Kiswahili naandika Ming'is, Konyakh, Kahun, na nikisoma sipotei. Mwenzangu wa zamu ya jioni, mzaliwa wa hapa hapa, ameniomba nimfundishe alama ya ritifaa ili naye asome maandishi yangu.

Pili, yule mzee alirudi Ijumaa kumaliziwa jino. Nilifika mlangoni, nilikuwa nimelisema jina kaunta kimya kimya kama mara kumi. Nikaita, "Bwana Ming'is." Alisimama mara moja. Hakusema kitu, ila alinitazama kwanza kabla ya kuchukua fimbo yake.

Alipotoka kwa daktari alikuja kulipa, mdomo bado una ganzi. Akainama kusoma kibandiko cha jina kifuani pangu, akajaribu. Akaweka g, kama wote. Nikamwambia hapana, ni sauti ile ile iliyo katikati ya jina lako. Akasema jina lake polepole, Mi-ng'is, akakaa kwenye ile ng' kwa muda kama anaionja, kisha akalisema langu. Alilisema lote, silabi zote, sawasawa. Katika nchi hii ni wa kwanza. Nikageuka kuchukua risiti yake kwenye printa maana macho yalikuwa yananilengalenga.

Mama Màiri, kesho saa tatu asubuhi nina Seòras mmoja na akina Kahun wawili, baba na mtoto. Hiyo o ya Shoras inavutwa au ni fupi?

Mama Màiri wa Lewis

Inavutwa, dada. Ile alama ya mkwaju juu yake ndiyo inayosema hivyo. Na ukimwita mlangoni kwa Kigaeli ni "a Sheòrais", a Hyorish. Mwangalie uso wake ukimwita hivyo, kisha uje utuambie.